Usikimbilie Gundi: Nilivyounga Götzen Iliyopinda

Götzen yangu ilifika hapa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, imepinda kama ndizi. Kaka yangu, aliyehamia Marekani kutoka kambi ya Nyarugusu, alimpa msafiri boksi la viatu aniletee, na ndani yake mlikuwa na vijimeli vitano: Götzen, Hedwig von Wissmann, Kingani, Mimi na Toutou. Ni vya mchezo wa mezani. Unatandaza kitambaa cha buluu, unarusha dadu, na vita vya Ziwa Tanganyika vya 1915 na 1916 vinapiganwa upya sebuleni. Vyote huja vipande vipande vya resini, kwa kipimo cha 1 kwa 300. Götzen halisi ina urefu wa mita 71 hivi, kwa hiyo yangu inakaribia sentimita 24. Mimi, mashua ya mita 12, ina sentimita 4 tu. Naifunika kwa kidole gumba.

Usiku ule ule nilipaka supaglu kwenye nusu mbili za Götzen, nikazibana kwa vipande vya mpira wa baiskeli, nikalala. Asubuhi nikakuta pengo linaloingia ukucha, gundi imechuruzika hadi kwenye sitaha, na nilipofungua mpira nusu zile zikaachana kwa mlio.

Nikaenda nazo ufukweni kwa mzee mmoja anayeunda mitumbwi ya wavuvi. Alizigeuza mara mbili tatu, akacheka.

"Kwanza uliza mbao inakatala juu ya nini."

Kwake kila kitu ni mbao. Lakini nilimwelewa, maana nimemwona akifanya kazi: hatii pamba ya kalafati mpaka ubao umerandwa ukakaa. Pamba huziba ufa, haipatanishi mbao zilizokataana.

Njiani nikaikumbuka Götzen yenyewe, ile tunayoijua leo kwa jina la Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Kule waliifunga kwa bolti tu, wakaona kila bamba limekaa, kisha wakaifungua na kuipakia katika masanduku yapatayo 5,000: kwa meli hadi Dar es Salaam, kwa reli hadi Kigoma. Ribiti zilipigwa Kigoma, ikashushwa majini 1915. Kama wangegundua pale Kigoma kwamba bamba fulani halikai, wangelirudisha wapi? Mimi nilikuwa na nusu mbili tu za meli, na sikuzijaribu kavu hata mara moja.

Basi nilianza upya, kwanza kwa sabuni. Resini hutoka kwenye kalibu na mafuta yanayoizuia isinate humo, na mafuta hayo huifukuza gundi. Maji ya vuguvugu, sabuni, mswaki wa zamani, kisha ianikwe. Ukiruka hatua hii, zinazofuata ni bure.

Baadaye nikatafuta kinachozuia. Mara nyingi ni kitu kidogo: kijitawi cha resini palipomiminiwa, au utando mwembamba ukingoni ambao kisu huuondoa mara moja. Tatizo ni vile visivyoonekana. Hapo nilitumia masizi ya sufuria. Pakaa masizi kidogo upande mmoja wa kiungo, gusanisha na upande wa pili bila kusukuma, kisha tenganisha. Penye doa jeusi ndipo palipoinuka, na palipobaki safi hapagusani. Yangu ilitoa madoa mawili tu, yote upande wa kulia. Na mimi nilikuwa nimemwaga gundi upande wa kushoto, kwenye pengo, nikidhani ugonjwa uko huko!

Kabla ya kusugua, nyoosha. Nilichemsha maji kwenye mbabula, nikayaepua, nikayaacha dakika mbili tatu, nikatumbukiza nusu ya mbele. Resini ikalegea kama ngozi mbichi. Niliilaza juu ya kioo bapa, nikaishikilia ikiwa imenyooka, kisha nikaimwagia maji baridi ili ishike umbo hilo. Nilirudia mara tatu. Usiwe na haraka ya kukunja: resini baridi huvunjika, haipindi.

Ndipo ikaja zamu ya msasa. Uloweshe na uulaze juu ya kioo kile kile, kisha usogeze kipande juu yake kwa mduara. Ukikishika kipande mkononi na kukisugua hewani, kingo zitaliwa na katikati patabaki juu. Maji pia yanatuliza vumbi, na vumbi la resini si la kuvuta kifuani. Kila baada ya misuguo kumi hivi rudi kwenye masizi. Doa lilipoenea karibu uso mzima, nikaacha.

Kiungo cha meli ndefu namna hii hakitegemei gundi peke yake. Nilitoboa matundu mawili kila upande kwa ncha ya kekee niliyoizungusha kwa vidole, nikatia vipande vya waya wa shaba kutoka kwenye kebo ya umeme. Ili matundu yakabiliane, toboa upande mmoja, tia tone la rangi mdomoni mwa tundu, gusanisha: rangi itakuonyesha pa kutoboa upande wa pili.

Gundi ilifuata, tone moja moja. Supaglu hugandishwa na unyevu, na hapa karibu na ziwa unyevu haukosekani, kwa hiyo una sekunde chache tu. Chupa nimeifungia kwenye kopo pamoja na mchele mkavu.

Ufa uliobaki ulikuwa mwembamba kama uzi. Nilinyunyiza bikarbonati ile ile mama anayotia kwenye maharagwe, nikadondoshea supaglu. Inaganda papo hapo na kutoa joto, kwa hiyo weka vidole mbali. Piga tupa dakika hiyo hiyo; ukingoja mpaka kesho, resini italika kabla ya kiraka. Kwa pengo la milimita nzima usijaze unga huo. Mimi hukata kabari kutoka kwenye ile fremu ya plastiki inayobaki ukishatoa kadi ya simu.

Bomba la moshi sikulifanyia haya yote, nikalibandika kwa jicho. Limeinamia kulia. Mpwa wangu, ambaye huchukua upande wa Waingereza kila Jumapili, anasema ni kwa sababu Götzen inajua kwamba Wajerumani wenyewe wataizamisha Julai 1916. Nimemjibu kwamba waliipaka grisi mitambo kabla ya kuizamisha, ikaibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927, na kwamba 1997 iliwarudisha maelfu ya wakimbizi wetu Wakongo kutoka Kigoma hadi Uvira. Hajali. Anachotaka ni Toutou yake, na vipande vyake viko kwenye beseni la sabuni tangu asubuhi.