Meno ya Plastiki Hayapo: Kijitabu kwa Wazazi na Walezi

Hakuna meno ya plastiki. Tunaanza na hilo kwa sababu tangu miaka ya 1980 jina hili limewatisha wazazi wengi Tanzania, na Uganda tatizo hilohilo huitwa ebinyo. Mtoto anapopata homa na kuhara, mtu humfunua mdomo, akaona uvimbe mweupe kwenye ufizi mahali pa chonge, akashauri apelekwe kung'olewa.

Uvimbe huo ni jino la kawaida ambalo bado linajengeka ndani ya ufizi. Likichokolewa kwa spoku ya baiskeli, kisu au msumari, hutoka jeupe, laini na lenye utelezi, na mama huonyeshwa kuwa ndio ushahidi. Ni laini kwa sababu halijakomaa. Jino lolote changa lingetoka hivyo. Jirani yake kuna chimbuko la jino la ukubwani, nalo huumia pia. Mtoto akifika miaka 11 au 12, chonge huenda lisiote kabisa, au likaota limepinda.

Hayo ni kwa aliyepona. Mwingine hutokwa damu nyingi wakati mwili umeshakaukiwa maji kwa kuhara. Vifaa vichafu huleta pepopunda, sumu ya damu na hata virusi vya UKIMWI. Wapo watoto waliokufa.

Hatuwadharau wazazi wanaoamini. Kuhara kwa kawaida hukoma kwenyewe ndani ya wiki moja, basi mtoto aliyeng'olewa siku ya tatu akipata nafuu siku ya tano, sifa humwendea mganga. Na kwa nini kuhara huja wakati wa meno? Mtoto huanza kuota meno karibu na miezi sita, umri uleule anapoanzishiwa uji, anapojifunza kutambaa na kutia kila kitu mdomoni, huku kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwa mama ikipungua. Vijidudu ndivyo vinavyomharisha. Jino lenyewe humfanya atokwe udenda, atafune vidole, asumbuke usiku, pengine apate joto kidogo. Joto likifika nyuzi 38, tafuta ugonjwa.

Kuhusu dawa za dukani

Jeli za kupaka kwenye fizi zenye benzokaini zinaweza kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni. Mtoto hugeuka rangi, midomo ikawa ya kijivu au bluu. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilizitaka kampuni ziache kuwauzia watoto wa chini ya miaka 2. Lidokaini nayo, mtoto akiimeza kwa wingi, huleta degedege na kuvuruga moyo. Isitoshe, mate huiosha jeli mara moja, kwa hiyo mama hupaka tena na tena.

Nigeria, mwaka 2008, dawa ya maji ya kuota meno iitwayo My Pikin ilitengenezwa kwa malighafi yenye sumu ya dietileni glaikoli. Watoto wasiopungua 84 walikufa, figo zao zikiwa zimeharibika. Usinunue dawa ya mtoto kwa mchuuzi wa stendi. Nenda duka lenye kibali, na usichukue chupa isiyo na lebo. Asali usimpe wala usimpake kabla ya mwaka mmoja. Inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli ya kupumua.

Fizi zikimuuma, nawa mikono kwa sabuni, umsugue ufizi taratibu kwa kidole. Kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi yaliyochemshwa kinafaa pia, ukiwa unakishika wewe. Endelea kunyonyesha. Asipotulia, paracetamol ya maji inasaidia, kwa kipimo alichoandikiwa na mhudumu wa afya kulingana na uzito wake.

Akihara, mpe ORS na umpeleke zahanati akapewe zinki. Usingoje kesho iwapo macho yamedidimia, amelegea, hakojoi, anakataa ziwa, anatapika kila anachopewa au choo kina damu. Na kama tayari amechokolewa ufizi, mpeleke leo, umweleze mhudumu wazi kilichofanyika. Anahitaji kujua ili achunguze damu iliyopotea na kukagua chanjo ya pepopunda.