Kuunga Reli kwa Themiti: Mwongozo kwa Mafundi wa Njia, Tabora

Mwongozo huu ni kwa mafundi na vibarua wa njia kuu inayopita Tabora kwenda Kigoma, pamoja na matawi ya Mwanza na Mpanda.

Chuma cha kuungia reli hakiletwi kikiwa tayari. Hutengenezwa palepale njiani, kwa moto. Unga wa alumini na oksidi ya chuma, yaani themiti, ukiwashwa, alumini hunyang'anya oksidi ile oksijeni yake. Joto hupanda kupita nyuzi 2,000 za Selsiasi, chuma kilichoyeyuka hutuama chini na mavi ya chuma huelea juu. Warongo, wafua chuma wa kusini mwa Ziwa Viktoria, waliiondoa oksijeni kwa makaa na mivuo, kazi ya saa nyingi. Themiti humaliza kwa sekunde. Mjerumani Hans Goldschmidt ndiye aliyeivumbua, miaka ya 1890, na hadi leo mafundi wa reli duniani kote wanaitegemea.

Kwa kuwa moto huu una oksijeni yake ndani, haufunikiki ukazimika. Usiumwagie maji kamwe. Maji yakikutana na chuma kilichoyeyuka hugeuka mvuke papo hapo na kukirusha chuma usoni mwa watu. Ndiyo maana adui wa kwanza wa kazi hii ni unyevu, na Tabora mvua hunyesha Novemba hadi Aprili. Mfuko wa themiti ulioloana ukataliwe. Kuuanika juani si dawa. Chungu cha kuyeyushia, kalibu na mchanga wa kuizibia navyo viwe vikavu. Usigawe mfuko mmoja kwa viungo viwili: chembe nzito na nyepesi hutengana, na utapata chuma usichokijua.

Ncha za reli zikatwe wima, zisafishwe kutu na grisi, ziache mwanya unaotajwa kwenye maelezo ya mfuko, kwa kawaida milimita 25 hivi. Ziinuliwe kidogo, kwa kipimo cha rula ndefu, kwa sababu kichwa cha reli ni kinene, hupoa mwisho na kusinyaa. Ukiziacha sawasawa, kiungo kitazama na magurudumu yatakigonga kila treni ipitapo.

Kupasha ncha za reli joto kwa gesi kabla ya kuwasha themiti ndipo wengi wanapodanganya. Fundi mwenye haraka hupunguza dakika, na kiungo hutoka kizuri kwa macho, kumbe chuma kipya hakikushikana na cha zamani. Kosa hilo haliondoki kwa kusaga wala kupaka rangi. Tumia saa, si makisio.

Vaa miwani ya giza, viatu vya ngozi vikavu na nguo za pamba. Nailoni huyeyukia mwilini. Asiyehusika akae mbali. Mavi ya chuma yamwagwe kwenye mchanga mkavu, si kwenye kokoto zilizolowa. Kalibu isibomolewe kabla ya muda wake, na treni isiruhusiwe hadi kiungo kipoe kwa kiwango kilichoandikwa.

Mvua ikianza kabla hujawasha, acha. Fungeni reli kwa vyuma vya bolti, treni ipite polepole, mrudi siku kavu. Msimamizi atakayelazimisha kazi iendelee aandike amri hiyo kwenye daftari na kuitia saini.