Kutoka jela si kufutiwa hatia

Nabii Yusuf (a.s.) alipoitwa na mfalme atoke gerezani, hakukimbilia mlango. Alimrudisha mjumbe, akataka kwanza kesi yake ichunguzwe. Nililikumbuka hilo hapa Dodoma mzazi mmoja aliponiuliza: "Ustadhi, kijana wangu kafungwa kwa hukumu yenye kasoro. Tumuachie Allah?"

Nilimsimulia kesi ya Hamisi Rajabu Dibagula. Mwaka 2001 Mahakama ya Wilaya Morogoro ilimfunga miezi 18 kwa shtaka la kuumiza hisia za kidini, kwa kuhubiri kuwa Yesu si mwana wa Mungu. Mahakama Kuu ikamtoa jela, lakini hatia ikabaki. Hakuridhika. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani ikaifuta hatia yenyewe: nia ya kuumiza haikuthibitishwa.

Basi tusiishie kulalamika vibarazani. Kutoka mahakama ya wilaya kwenda Mahakama Kuu, kusudio la rufaa hutolewa ndani ya siku 10, na rufaa ndani ya siku 45, bila kuhesabu siku za kusubiri nakala ya hukumu. Mfungwa hupitishia kwa mkuu wa gereza. Itajwe kasoro yenyewe na jinsi ilivyopotosha haki, kwani si kila kosa la hakimu hutengua hukumu.

Tufunge ngamia kwanza, kisha tutawakali. Wallahu a'lam.