Anayekukeep: mwandishi aliyedharauliwa na somo la kirejeshi

Mwaka 1990 kilitoka Nairobi kijitabu chenye jina la neno moja: Anayekukeep. Likate neno hilo ubaoni, utapata vipande vitano: a- ya nafsi, -na- ya wakati, -ye- ya kirejeshi, -ku- ya yambwa, na mwisho mzizi wa Kiingereza ambao haukupewa hata irabu ya kumalizia. Viambishi vinne vya Kibantu vimejipanga kwa nidhamu kumpokea mgeni mmoja. Mwalimu anaweza kufundisha saa nzima kwa jalada hilo tu. Aliyeliandika, hata hivyo, hakuwa mwalimu wa isimu. Alikuwa David Maillu, mwandishi wa riwaya pendwa, mtu ambaye vyuo vikuu vilimdharau kwa miaka mingi.

Maillu alizaliwa Ukambani, Kenya, mwaka 1939. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alianzisha kampuni yake ya uchapishaji, Comb Books, akawa mwandishi na mfanyabiashara wa maandishi yake mwenyewe. Vitabu vilikuwa vyembamba, vya bei ndogo, na vilihusu mambo ambayo watu wa ofisini waliyajua vizuri mno: pombe, mshahara unaokwisha kabla ya mwezi, bosi na karani wake. My Dear Bottle (1973) ni maneno ya mlevi. After 4.30 (1974) kinabeba jina la saa kumi na nusu, wakati ofisi zinapofungwa na mambo mengine yanapofunguliwa. Vyote viwili vina mistari mifupi ya kishairi, njia ambayo Okot p'Bitek wa Uganda alikuwa ameifungua kwa Song of Lawino mwaka 1966. Watu walivinunua kama maandazi ya asubuhi. Wahakiki waliviita uchafu, na mwaka 1976 Tanzania ikavipiga marufuku.

Kuanzia hapo maisha yake ya uandishi yanachekesha kuliko riwaya zake. Comb Books ilikufa. Mwaka 1980 mtu yuleyule aliyepigwa marufuku kwa kuharibu vijana alichapishwa na Macmillan katika mfululizo wa Pacesetters, ambao ni vitabu vya vijana! Kitabu ni The Equatorial Assignment, na shujaa wake ni Benni Kamba, jasusi namba 009. (Anamzidi yule Mwingereza kwa mbili.) Mwaka 1988 akatoa Our Kind of Polygamy, kutetea ndoa ya wake wengi. Mwaka 1991, mwuza vijitabu vya kusomwa ndani ya basi akaja na Broken Drum, riwaya yenye kurasa zaidi ya 1,000. Katikati ya vurugu hiyo, mwaka 1989 na 1990, ndipo alipotoa vijitabu viwili vya lugha mchanganyiko: Without Kiinua Mgongo na hicho Anayekukeep.

Yaweke majina hayo mawili pamoja. Katika la kwanza Kiingereza ndicho kinachoshika usukani, na Kiswahili kimepanda kama abiria. Katika la pili usukani umebadilika mikono. Mwaka 1993 Carol Myers-Scotton alichapisha Duelling Languages, kitabu kilichotumia sana mazungumzo ya Nairobi kueleza kwamba katika kuchanganya ndimi lugha moja hutoa kiunzi cha sarufi na nyingine huchomeka maneno. Maillu alikuwa ameshauza mifano ya pande zote mbili.

Lakini tusimfanye kinasa sauti. Hicho kirejeshi -ye- kinanitia shaka. Mitaani Nairobi utasikia zaidi "mwenye anakukeep". Kirejeshi cha ndani ya kitenzi ni cha darasani, cha vitabu. Kwa hiyo jina lile ni nusu shule, nusu mtaa. Wenzangu wanaotaka kutumia riwaya pendwa kama data ya lugha ya mazungumzo wakumbuke hilo: mwandishi anasikia, kisha anachagua.

Nilililete neno hilo nyumbani. Niliwauliza marafiki watatu, wawili wa Manika na mmoja wa Dilala, wangelisemaje. Wote walijibu karibu sawa: "mwenye eko nakugarder". Hapa -ye- haimo kabisa, kazi yake imechukuliwa na mwenye. Wakati unaoendelea umebebwa na eko na-. Mgeni ni Mfaransa, ameingia mzima na kisilimu chake, na kwa kuwa -er hutamkwa kama e, amekuja na irabu yake mwenyewe mkononi. Yule wa Nairobi alifika bila irabu yoyote. Na kiinua mgongo? Kolwezi, mji ambao ulikuwa sehemu ya zile kuondoka kwa hiari za Gécamines za mwaka 2003, zilizowatoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 kazini, kila mtu anasema décompte final. Kiswahili sanifu kina neno zuri lakini halikufika kwenye foleni ya malipo.

Kiswahili chetu cha shaba kimeshaandikwa, tusidanganyane. Mwaka 1965 huko Lubumbashi André Yav aliandika, kwa niaba ya waliokuwa maboyi wa Wazungu, historia ya mji wao kwa Kiswahili cha mji huo. Johannes Fabian aliichapisha pamoja na tafsiri mwaka 1990, mwaka uleule wa Anayekukeep. Michezo ya kundi la Mufwankolo nayo iliingia kitabuni mwaka 1981 kupitia kazi ya Walter Schicho. Tazama tofauti: Kiswahili cha Nairobi kiliingia jaladani kwa mkono wa mchuuzi aliyetaka kisomwe na karani anayerudi nyumbani. Chetu kiliingia kwa mkono wa mtafiti aliyetaka kisomwe na watafiti.

Mwezi uliopita nilianza hadithi ya jasusi wa Kolwezi, kwa Kiswahili cha hapa, bila -ye- hata moja. Rafiki wa Dilala alisoma kurasa tatu, akacheka mahali nilipotaka acheke, kisha akaniuliza nani atasahihisha tahajia. Ukurasa wa kwanza nimeandika "nakugarder", wa pili "nakugarde". Ukurasa wa tatu jasusi yuko peke yake porini, hana wa kumwambia neno hilo, na hapo ndipo nimekwama.