Yesu Aliuliza Kwanza

Somo: Marko 9:14-29

Wiki hii naomba usome kisa hiki polepole. Baba amemleta mwanawe anayeteseka. Wanafunzi wamejaribu wakashindwa, waandishi wanabishana nao, watu wamejazana. Lakini kabla ya kumponya mtoto, Yesu anamgeukia baba na kumuuliza hali hii imemshika mtoto tangu lini. Baba anaeleza yote, mpaka habari za moto na maji. Yesu alijua tayari, lakini bado aliuliza, akasikiliza.

Mimi sikuuliza.

Mwaka juzi kijana wetu, akiwa na miaka 7, aliona ajali ya bodaboda karibu na duka tunaponunua mkate. Mwendeshaji, mtu tuliyemzoea, alifariki papo hapo. Baada ya hapo kijana akaanza kukojoa kitandani, kitu alichokuwa ameacha kitambo. Kila asubuhi ya shule tumbo linauma. Alama zikashuka. Mimi nikaona ni ukaidi. Nilimchapa. Baadaye tukafunga na kuomba, nikamwekea mikono, na bado kitanda kililowa.

Baada ya miezi kadhaa, mama mmoja wa ushirika wetu, ambaye ni nesi, alinivuta kando baada ya ibada. "Pasta, maombi endeleeni nayo. Lakini huyu mtoto apelekwe pia aongee na mshauri."

Nilisikia aibu. Watu watasema nini? Pasta mzima! Lakini tulienda. Mshauri hakumhoji. Alimpa karatasi, kalamu za rangi na magari madogo, akakaa naye sakafuni. Wiki ya kwanza, magari yaligongana tu. Ya pili, vivyo hivyo. Wiki ya nne ndiyo akasema: siku ile alikuwa amempungia mkono yule mwendeshaji. Aliamini kwamba mtu huyo aligeuka kumwangalia, akaanguka kwa sababu yake.

Wapendwa, mtoto wangu alikuwa akijiona muuaji, na mimi nilikuwa namchapa kwa sababu ya shuka. Hayo yote ndani ya nyumba ya pasta.

Nimejifunza mambo matatu.

1. Mtoto husema kwa njia yake. Mtu mzima atakuambia ana msongo wa mawazo. Mtoto hana maneno hayo. Anasema kwa tumbo, kwa hasira, kwa kunyamaza, kwa kukosa usingizi. Ndiyo maana washauri wa watoto hutumia michoro, michezo na hadithi. Si kupoteza wakati. Ni kumfuata mtoto kwa lugha anayoijua.

2. Tiba humpa mtoto ujuzi. Wetu alifundishwa kutaja hofu kwa jina, kupumua polepole, kutenganisha kosa lake na lisilo lake, na kurudi kidogo kidogo mahali alipoogopa. Sisi wazazi pia tulifundishwa kusikiliza bila kukatiza. Na si kwa huzuni pekee. Mtoto aliyechelewa kuongea, au anayepata shida kushika penseli au kucheza na wenzake, yuko na wataalamu wake pia. Usiseme tu "atakua ataacha". Ubongo wake bado unajengwa, na msaada wa mapema hufika mbali.

3. Kuchelewa kuna gharama. Nilisomea biashara, na najua deni usilotaka kuliangalia haliishi, linaongeza riba. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya vijana 7 wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Hesabu safu za vijana wetu Jumapili.

Je, tuache maombi? Hapana! Mwisho wa somo letu Yesu mwenyewe anawaelekeza wanafunzi kwenye maombi. Sisi hatukuacha hata siku moja. Tofauti ni kwamba sasa tuliomba tukijua tunaombea nini. Leo kijana analala vizuri, na shule anaenda. Bado kuna siku ngumu, lakini siku hizi anakuja kuniambia.

Ya kutenda wiki hii

Keti na kila mtoto wako dakika 10, simu ikiwa mbali. Muulize, kisha nyamaza. Ukiona mabadiliko yanayodumu kwa wiki kadhaa, anzia hospitali iliyo karibu na uulize kuhusu mshauri wa watoto. Namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bila malipo, mchana na usiku. Mtoto akisema anataka kufa, au kuna mtu anamuumiza, usingoje Jumapili. Tafuta msaada siku hiyo hiyo.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Kwa nini Yesu alimuuliza baba swali kabla ya kumponya mtoto?
2. Ni tabia gani ya mtoto wako umeiadhibu bila kuuliza chanzo chake?
3. Mzazi akileta mtoto wake kwa mshauri, sisi kama kanisa tutamsemaje?