Rangi Peke Yake Si Picha: vidokezo vya kupiga vuli ya Vermont

Kwetu Afrika Mashariki vuli ni mvua, na Oktoba ikiingia mkulima hutazama mawingu. Vermont, jimbo dogo la kaskazini-mashariki mwa Marekani, mwezi huohuo watu hutazama miti. Siku zikifupika, ukijani wa majani huvunjika, njano iliyokuwa imejificha chini yake hujitokeza, na mti wa mepo, uleule unaotoa shira ya kumimina juu ya chapati za maji, hutengeneza wekundu mpya kabisa. Kaskazini mwa jimbo milima huanza kuwaka mwishoni mwa Septemba. Kusini hufikia kilele katikati ya Oktoba.

Burlington na Winooski sasa zina familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, hasa kutoka Kongo na Burundi, na picha za majani haya huvuka bahari mpaka kwenye simu zetu. Nyingi ninazoziona zina kasoro moja: rangi ipo, picha haipo. Jicho likikutana na wekundu mwingi kiasi kile hulewa, na kidole hubonyeza kabla akili haijachagua. Basi tuchague.

1. Itaje picha kwa maneno kabla ya kuipiga.
Sema hata kwa sauti: "Ukuta wa mawe unaopotelea msituni." "Ng'ombe mmoja mbele ya banda jekundu." Ukijisikia unasema "miti mizuri" na huna la kuongeza, bado hujaipata. Tembea kidogo zaidi.

2. Tafuta kitu kisichovaa rangi ya vuli.
Hiki ndicho kidokezo ninachokithamini kuliko vyote. Machungwa juu ya machungwa, nyekundu juu ya nyekundu, mwishowe ni zulia. Jicho halipati pa kutua. Lipe kituo: mnara mweupe wa kanisa, mwamba wa kijivu, au mti wenye gome jeupe linalobanduka kama karatasi. Ndiyo maana wapiga picha wengi hukimbilia kijiji cha Peacham, ambako kanisa jeupe na mabanda ya shamba hukaa pamoja katikati ya vilima vinavyowaka. Banda jekundu nalo lina mtego wake. Likiwa mbele ya miti myekundu humezwa lote. Sogea mpaka nyuma yake kuwe na malisho, ambayo Oktoba bado ni kijani, nalo litasimama wima lenyewe.

3. Fuata kuta za mawe.
Ukiingia msituni Vermont utakutana na ukuta wa mawe usiozunguka kitu chochote, unapita tu kati ya miti. Usishangae. Kondoo wa merino waliletwa jimboni mwaka 1811, na katika karne ile misitu ilifyekwa kupisha malisho, kuta zikajengwa kwa mawe yaliyong'olewa mashambani. Wafugaji wakahama, miti ikarudi, na leo karibu robo tatu ya jimbo ni msitu tena. Kuta zilibaki palepale.

Kwa mpiga picha huo ni mstari uliokwisha kuchorwa. Chuchumaa mpaka kamera ikaribie kimo cha ukuta. Uanzishe ukuta kwenye pembe ya chini ya picha, usiuanzishe katikati, kisha uuache upande kwa mshazari kuelekea ndani. Hapo ndipo wengi hukomea, wakasahau kuuliza: unaishia wapi? Macho ya mtazamaji yatafuata mstari mpaka mwisho wake. Ukiishia kwenye gari lililoegeshwa, umepiga picha ya gari. Ukiishia kwenye mepo moja inayowaka peke yake, umefika. Njia ya vumbi na uzio wa mbao navyo hufanya kazi hiyohiyo.

4. Tumia jua lisilofika utosini.
Katikati ya Oktoba jua la adhuhuri Dar es Salaam liko karibu kabisa juu ya kichwa, nasi tumezoea kuikwepa saa hiyo. Vermont siku hiyohiyo halipandi zaidi ya nyuzi 38 hivi kutoka upeo wa macho. Mwanga huja kwa ubavu, kwa hiyo kila shina lina kivuli na kila kilima kina mgongo unaoonekana. Usipige ukiwa umelipa jua kisogo. Mwanga utalala bapa juu ya miti kama rangi ya ukutani. Geuka, majani yawe kati yako na jua, nayo yatapitisha mwanga kama kioo cha rangi. Jua lenyewe lifiche nyuma ya shina. Ukiwa na simu, gusa kwenye skrini mahali penye mwanga mkali, kisha shusha mwangaza kidogo kidogo kwa kidole mpaka majani yarudishe rangi yake.

Na amka mapema. Wakati huo jua huchomoza mnamo saa moja asubuhi, na baada ya usiku wa baridi usio na mawingu ukungu hulala mabondeni juu ya mito. Ukungu hukufanyia kazi kubwa: hufuta vitu vya nyuma visivyohitajika, ukakuachia mti mmoja na paa moja.

5. Anga likiwa jeupe, likate.
Siku ya mawingu si siku mbaya hata kidogo. Mwanga mlaini ndio bora kwa ndani ya msitu, mradi usiliingize anga kwenye picha, kwa sababu jicho litakimbilia weupe ule. Mtazame Eliot Porter, daktari aliyeiacha kazi yake akawa mpiga picha. Kitabu chake cha mwaka 1962, kilichochapishwa na shirika la mazingira la Sierra Club, kina picha za rangi za misitu ya New England, eneo ambamo Vermont imo, na katika nyingi huoni anga kabisa: ni mashina, maji na majani tu.

6. Piga magoti.
Asubuhi moja baada ya mvua niliinama kando ya kijito. Jani moja la mepo lilikuwa limelala juu ya jiwe jeusi lililolowa: ncha tano, mshipa wa katikati wa njano, tundu la mdudu karibu na kikonyo, na tone la maji limeng'ang'ania ncha moja. Kwenye skrini halikuonekana jekundu, lilikuwa limepauka, kwa kuwa maji juu yake yaliakisi anga. Niliweka mbele ya lenzi kichujio cha polaraiza nikakizungusha taratibu, na weupe ukaondoka kama kitambaa kilichovutwa. Jani sikuliweka katikati. Kikonyo chake kilielekea kushoto, basi nikaacha nafasi upande huo, ili lionekane limetoka mahali. Wala sikuligusa. Majani yaliyopangwa kwa mkono huonekana yamepangwa.

7. Mweke mtu, lakini mdogo.
Mama aliyevaa kitenge cha buluu kwenye njia yenye majani ya rangi ya machungwa: buluu na machungwa hukuzana, na kimo chake kinatuonyesha ukubwa wa miti. Aingie kwenye picha, asitoke. Mbele yake pawe na nafasi kubwa kuliko nyuma.

8. Kagua pembe nne kabla ya kubonyeza.
Vermont ilipiga marufuku mabango ya matangazo barabarani tangu 1968, kwa hiyo hilo limekwisha kuondolewa njiani mwako. Nguzo za umeme na waya bado zipo. Hatua mbili kulia mara nyingi zinatosha.

9. Usikoleze rangi baadaye.
Kama mpangilio ni dhaifu, kukoleza hakutauokoa. Majani yatageuka plastiki.

10. Bisha hodi.
Vuli ya 2023 mji wa Pomfret ulilazimika kuifunga Barabara ya Cloudland kwa wasio wakazi, kwa sababu wageni waliofuata shamba moja maarufu mitandaoni walikuwa wakiziba njia kwa magari na kuingia mpaka uani kwa watu. Inaniuma, maana watu wale walikuwa wanapenda kitu kilekile ninachokipenda mimi. Egesha mbali na lango. Nenda mlangoni, jitambulishe, eleza unachotaka kupiga na utasimama wapi. Ukikataliwa, shukuru uondoke. Ukikubaliwa, picha ikitoka vizuri isafishe kwenye karatasi, umpelekee mwenye shamba nakala yake.