Kipupwe cha Ufipa: Vidokezo 9 vya Kusherehekea na Watoto, Sumbawanga hadi Wampembe

Ukitaja sikukuu za msimu wa baridi, wengi wetu tunawaza Krismasi ya Ulaya, theluji na taa za mitaani. Ufipa, mkoani Rukwa, ina baridi yake, nayo haingojei Desemba. Inaingia Juni, inakaza Julai, inaanza kulegea Agosti ikielekea ukingoni. Desemba huku ni mvua, matope na jembe. Wakati wa kipupwe mahindi yameshatoka shambani, maharage yamepigwa na kupepetwa, njia zimekauka na shule zina likizo ya katikati ya mwaka. Ndiyo maana harusi, komunyo ya kwanza, kipaimara na upadrisho vinasongamana miezi hii. Wenzetu wa Cusco, nchini Peru, nao wanaoishi kusini mwa ikweta na juu milimani, husherehekea Inti Raymi, sikukuu ya jua, kila tarehe 24 Juni, baridi ikiwa kali.

Kwa maoni yangu, huu ndio msimu wa sikukuu wa Ufipa, na mtoto anayeumaliza akiwa ndani mbele ya televisheni amenyimwa haki yake. Vidokezo hivi ni kwa mzazi, shangazi au mjomba aliye Sumbawanga, au anayerudi nyumbani kutoka mbali, mwenye watoto na pesa za kawaida.

1. Fuata kalenda ya ghala

Usipange shughuli ya familia kabla hujajua mavuno yamefikia wapi. Ndugu wa kijijini ambao bado wanapukuchua mahindi watakupokea kwa heshima, lakini utakuwa umewakatisha kazi. Piga simu, uliza. Wakikwambia bado kidogo, peleka watoto wakapukuchue nao. Jioni ya kupukuchua mahindi, bibi akisimulia na binamu wakishindana nani amemaliza debe lake kwanza, ni sherehe tosha.

2. Usiwaamshe watoto mapema

Tupo magharibi mwa nchi lakini saa zetu ni moja na za Dar es Salaam, kwa hiyo mwezi Juni jua la Sumbawanga huchomoza saa moja asubuhi ikiwa imeshapita. Mji uko juu sana, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto huweza kushuka hadi karibu na nyuzi 10. Shughuli ya watoto ianze saa nne, jua likiwa limeanza kuuma mgongo, na iishe kabla ya saa kumi na moja jioni. Wanaoandaa michezo ya mtaani, tafadhali lisikieni hili: watoto wanaosubiri mgeni rasmi tangu saa mbili kwenye upepo hawafurahii chochote.

Nguo nunua kwenye mitumba mwezi Mei, kabla watu wote hawajakumbuka masweta. Kofia na soksi ni muhimu kuliko koti zito, na nguo mbili nyepesi zilizovaliwa pamoja humfaa mtoto kuliko moja nene, maana mchana atataka kuvua.

3. Jiko la mkaa lisilale chumbani

Hapa naomba utulivu. Wageni wamejaa, watoto wamelazwa chini sita kwa mstari, baridi inauma, na mtu mmoja mwenye nia njema anaingiza jiko la mkaa ndani na kufunga dirisha. Mkaa unaowaka kwenye chumba kisicho na hewa hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala haamki kukohoa. Anazidi kuzama usingizini. Mkaa uliokwisha kuwa mwekundu bila moshi ni hatari vilevile, na watu wengi wanadanganyika hapo hapo.

Otea moto sebuleni, mlango ukiwa wazi, kisha jiko litoke nje kabla ya mtu wa kwanza kulala. Chumbani weka blanketi la ziada, na watoto walale pamoja wapashane joto. Mtu akiamka na kichwa kinachogonga, kichefuchefu na kizunguzungu, mtoeni nje kwenye hewa safi mara moja na mpelekeni hospitali. Mwambie hili kila mgeni atakayelala kwako, hata kama ni mkubwa wako.

4. Msikose mnada wa mavuno

Ningeambiwa nichague tukio moja tu la msimu huu, ningechagua hili. Makanisa mengi huwa na Jumapili ya kutoa shukrani ya mavuno. Watu wanaingia na magunia ya mahindi, madebe ya maharage, ulezi, maboga, kuku wamefungwa miguu, pengine mbuzi anayelia kuliko kwaya. Baada ya ibada, vitu ambavyo ni rahisi kunadi vinatolewa uwanjani na mnada unaanza.

Kwa mtoto, hii ni shule na maigizo kwa pamoja. Anaona boga moja likinunuliwa, likarudishwa, likanadiwa tena hadi bei yake inapita ya kuku. Anamsikia mnadi akiwatania wazee, anamwona mama wa kawaida akimshinda mfanyabiashara mkubwa kwa shilingi mia tano. Mpe mtoto wako pesa kidogo, mwambie ni zake, na apandishe bei mwenyewe. Akipata fungu la karanga kwa pesa alizozishika kwa mkono wake, atalisimulia mwaka mzima.

Kama ninyi si wa dhehebu hilo, nendeni tu. Mnada hauulizi cheti cha ubatizo. Majirani Waislamu na Wakristo wa Ufipa wamezoea kualikana, na Idi nayo hutembea ndani ya kalenda. Miaka ya karibuni Idi el Haji imeangukia Juni, mwanzoni kabisa mwa baridi. Ikifika zamu ya jirani yako, usisubiri sahani iletwe nyumbani. Wachukue watoto mkatoe mkono wa Idi.

5. Saba Saba na Nane Nane zisiwe siku za kulala tu

Zote ni siku za mapumziko ya kitaifa. Saba Saba ina historia ya kumweleza mtoto kwa dakika tatu: chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Nane Nane, tarehe 8 Agosti, ni siku ya wakulima, na Rukwa imo kwenye kanda ya Nyanda za Juu Kusini, ambayo maonyesho yake hufanyika viwanja vya John Mwakangale, Mbeya. Kutoka Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 300 kwa lami kupitia Tunduma, kwa hiyo usijaribu kwenda na kurudi siku moja na watoto wadogo. Nendeni siku moja au mbili kabla ya kilele: foleni fupi, na wataalamu wana muda wa kujibu maswali ya mtoto kuhusu nyuki au ng'ombe wa maziwa. Siku ya kilele yenyewe ni ya viongozi na hotuba.

Mkibaki nyumbani, ulizieni kama kuna mchezo au tamasha Uwanja wa Nelson Mandela. Vijijini tafuteni kombe la mbuzi. Baada ya mavuno vijana hupanga ligi, mshindi anaondoka na mbuzi, na watazamaji wanasimama hadi kwenye mstari.

6. Siku moja iwe ya kutembea

Hewa ya kipupwe ni kavu na safi, nzuri kwa miguu midogo. Msitu wa Mbizi uko karibu na mji, na ndani yake wanaishi mbega wekundu. Ombeni ruhusa na mwongozo kwa watu wa misitu, ingieni kimya, na mtoto ataona mnyama ambaye watoto wengi wa Tanzania hawatamwona.

Kalambo ni safari ndefu zaidi. Maporomoko yanashuka zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja, mpakani na Zambia, na ni miongoni mwa marefu kabisa Afrika. Nendeni mapema katika msimu, maji yakiwa bado mengi, na washikeni watoto mikono muda wote mkiwa ukingoni. Njiani wasimulie kwamba mwaka 2023 watafiti walitangaza kuwa jirani na maporomoko hayo, upande wa Zambia, yalipatikana magogo yaliyochongwa na kuunganishwa na binadamu wa kale, miaka ipatayo 476,000 iliyopita.

Mkipita vijiji vyenye mabaki ya malungu, yale matanuru marefu ya udongo ambamo Wafipa waliyeyusha chuma, simameni. Waelezeni watoto kwamba majembe ya babu zao yalitoka humo. Wasipande juu, udongo ule umepigwa na mvua nyingi na ukibomoka haujengwi tena.

7. Teremkeni Wampembe

Wampembe iko mwambao wa Ziwa Tanganyika, wilayani Nkasi, na ukitoka nyanda za juu unashuka karibu mita 1,000. Kushuka huko ndiko raha yenyewe. Asubuhi mnaondoka mmejifunika mablanketi. Kadiri gari linavyoinama, sweta moja linavuliwa, halafu la pili, na mkifika ziwani watoto wamebaki na fulana. Hakuna haja ya kuwaeleza darasani kwamba joto hupungua kadiri unavyopanda juu. Wamelijua kwa ngozi.

Barabara ya Kitosi–Wampembe ina miteremko mikali na kona, na masika huwatesa sana wakazi. Kipupwe ndiyo nafasi yenu. Chagua dereva anayeijua njia, safirini mchana, kataeni gari lililojazwa kupita kiasi hata kama ndilo la mwisho. Bebeni maji, ndizi na mfuko kwa mtoto anayetapika kwenye kona.

Nendeni kwa mwenyeji mnayemjua au mliyeelekezwa, na mbebe kitu cha nyanda za juu: maharage, unga wa ulezi, viazi mviringo. Nyanda za juu na mwambao zimebadilishana nafaka na samaki kwa muda mrefu, na mgeni anayekuja na debe la maharage anaeleweka bila maneno.

Mkikaa ufukweni jioni, kuna kisa cha meli ya MV Liemba. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikasafirishwa vipande vipande hadi Kigoma. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 wakati wa vita, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Vizazi vya watu wa mwambao huu vimesafiri nayo. Kwa safari yenu, hata hivyo, msitegemee meli yoyote hadi mthibitishe ratiba.

8. Ziwani, sikilizeni wenyeji

Kwanza upepo. Miezi hii upepo wa kusini hupuliza kwa nguvu na ziwa huchafuka, mara nyingi bila kutangaza. Mtumbwi wa matembezi uwe asubuhi ziwa likiwa limetulia, kila mtoto awe na jaketi okozi linalomtosha, na mwenye chombo akisema leo haiwezekani, msimbembeleze. Waulizeni wenyeji watoto wao wanaogelea wapi, maana mamba wapo, na nyasi na maji yaliyotuama yana kichocho.

Pili samaki. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane, kufuatana na makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka. Ulizieni tarehe za mwaka mnaosafiri kabla hamjawaahidi watoto migebuka wa kukaanga. Ziwa likifungwa, kuleni kuku wa kienyeji kwa ugali wa ulezi, na msimshawishi mtu kuvunja katazo kwa ajili ya sahani yenu. Mkienda mwishoni mwa Agosti, chagueni siku zisizo na mbalamwezi. Wavuvi huvutia dagaa kwa taa, na gizani ziwa zima huwaka kama mji.

Tatu mbu. Mtoto aliyekulia baridini hana mazoea ya malaria ya mwambao. Chandarua kibebeni wenyewe. Akipata homa wiki moja, mbili au zaidi baada ya kurudi, apimwe mara moja na mwambieni mhudumu mlikotoka.

9. Kila mtoto awe na kazi yake

Sherehe zetu zina kasoro moja: watoto huwekwa pembeni hadi wakati wa kula. Mkubwa asimamie kunawisha wageni mikono, wa kati aandike majina ya ukoo wote waliofika, mdogo agawe karanga. Wanaoimba wapewe wimbo mmoja, si dakika iliyobaki baada ya hotuba. Wazee wacheze ngoma ya Kifipa mchana, watoto wakiwa macho, ili hatua zishikwe.

Na vinywaji vitenganishwe. Tengenezeni togwa ya ulezi ya kutosha, iwe kwenye chombo chake, mbali na pombe, na mtu mzima mmoja asiyekunywa akabidhiwe watoto hadi mwisho. Shughuli ya familia ifungwe jua likizama. Wanaotaka kuendelea waendelee wenyewe, watoto wakiwa wamelala.

Kama unasoma haya mwezi Mei, piga simu wiki hii: moja kwa ndugu wa kijijini kuuliza mavuno, nyingine kwa dereva wa Wampembe. Likizo ya Juni ikishaanza, viti vinajaa.